Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji

Najua nimekuwa kimya wiki tatu. Si zamu peke yake iliyonifunga mdomo, ni hasira. Nilijiambia nisiandike mpaka ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Ile picha inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni yangu. Haikutengenezwa na mtu, kama anko alivyojaribu kunitetea (ahsante anko, nia yako niliiona). Ni mimi kabisa, na koti langu lile la kijani, nimesimama nje ya jengo la bunge la jimbo la Michigan, mjini Lansing, mapema mwaka 2023. Kibao nilichoshika kinasema asinyimwe mtu nyumba. Na waliosimama kulia na kushoto kwangu ni wale ambao ninyi mmewataja kwa majina nisiyoweza kuyarudia hapa, maana mama anasomewa blogu hii na wajukuu.

Tangu picha ianze kuzunguka nimepokea simu 11. Kaka mkubwa ameniuliza kama nimeuza dini. Binamu wa Ilala ameandika kwamba Marekani imeshanimeza. Shangazi wa Pangani, aliyenilea, hakusema kitu. Alipumua tu kwenye simu, akasema "haya mwanangu," akakata. Pumzi ile imeniuma kuliko maneno ya wote.

Basi leo naeleza. Someni mpaka mwisho, kisha ndiyo mrushe mawe.

Kwanza tujue tulikuwa tunadai nini pale. Hapa Michigan kuna sheria ya haki za raia ya mwaka 1976. Inaitwa Elliott-Larsen, kwa majina ya wabunge wawili walioipigania: Daisy Elliott, mama mweusi wa Detroit, wa chama cha Democratic, na Melvin Larsen, mzungu wa chama cha Republican. Sheria hiyo inakataza mtu kunyimwa nyumba au kazi kwa sababu ya rangi yake, dini yake, asili yake, jinsia yake, umri wake, kuwa na ndoa au kutokuwa nayo. Imekwenda mbali mpaka ikataja urefu na uzito. Naam, hapa mwajiri hawezi kukukataa kwa sababu wewe ni mnene au mfupi!

Lakini kwa zaidi ya miaka 40 sheria hiyo hiyo haikuwataja watu wanaopenda wa jinsia yao. Mnene alilindwa, mfupi alilindwa, Mwislamu mweusi mwenye lafudhi ya Tanga alilindwa. Wao hapana. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo ikasema neno "jinsia" ndani ya sheria hiyo linawahusu na wao. Machi 2023 bunge likaliandika waziwazi na gavana Gretchen Whitmer akatia sahihi. Hilo tu. Ndiyo lililonipeleka Lansing. Hapakuwa na habari ya kufungishwa mtu ndoa, wala ya kubadilisha dini ya mtu. Ilikuwa habari ya nyumba ya kupanga na kazi ya kufanya.

Sasa mtauliza, hata kama ni hivyo, wewe yanakuhusu nini? Ngoja niwarudishe nyuma.

Mwaka 2003, mimi na mke wangu tulikuwa tunalala sebuleni kwa rafiki. Nikaona tangazo la fleti, nikapiga simu, nikaambiwa ipo, njooni hata sasa hivi. Tulifika baada ya dakika 20. Mwenye nyumba akamtazama mke wangu na ushungi wake, akanitazama mimi, akasema pole sana, imeshachukuliwa. Tangazo lilikuwa bado limebandikwa dirishani! Nilirudi garini nikakaa bila kuwasha injini. Mke wangu akaanza kufungua ushungi, akasimama katikati, akaufunga tena. Hatukuongea njia nzima.

Mzee mmoja msikitini akanipa namba ya ofisi ya kutetea haki za makazi. Nikapiga bila matumaini. Wale watu wana ujanja wao. Waliwatuma mume na mke Wazungu, wenye kipato kama chetu, waulizie fleti ile ile. Wakaonyeshwa vyumba vyote mpaka kabati la ufagio, na wakaambiwa mwezi wa kwanza watapunguziwa. Kesi ikaishia hapo hapo. Mwenye nyumba alipoona maandishi, akakubali yaishe bila mahakama, na fleti tukapewa. Tulikaa humo miaka 6. Mtoto wetu wa kwanza alijifunza kutambaa kwenye zulia lake.

Nilijiona shujaa. Nikadhani nimeshinda kwa akili zangu. Baadaye ndiyo nikajua nimekalia kiti kilichochongwa na watu wengine.

Mkija Detroit nitawapeleka mkauone ukuta mmoja, karibu na barabara ya Eight Mile. Una urefu wa kama mita 800 na kimo kinachompita kidogo mtu wa kawaida. Ulijengwa mwaka 1941 na tajiri aliyetaka kuuza nyumba kwa Wazungu. Serikali ilikuwa haidhamini mikopo ya nyumba zilizopakana na mtaa wa watu weusi, basi akajenga ukuta katikati, na mikopo ikapatikana. Ukuta ungali umesimama mpaka leo, siku hizi umechorwa picha za rangi. Mji huo huo, miaka ile ile ya 1940, mtu mweusi aitwaye Orsel McGhee na mkewe Minnie walinunua nyumba na kuhamia. Majirani wakawashitaki, kwa kuwa hati za mtaa zilisema asikae humo asiye Mzungu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ikitetewa na wakili Thurgood Marshall, na mwaka 1948 ikaamuliwa kuwa mahakama zisitumike kutekeleza hati za namna hiyo.

Halafu miaka 20 mingine ikapita. Martin Luther King akapigwa risasi tarehe 4 Aprili 1968, na wiki moja baadaye, tarehe 11, Rais Johnson akatia sahihi sheria ya makazi ya nchi nzima: asinyimwe mtu nyumba kwa rangi, dini wala asili ya alikotoka. Neno "jinsia" liliongezwa mwaka 1974. Walemavu na familia zenye watoto wakaongezwa mwaka 1988.

Mnaona inavyokwenda? Hakuna kundi lililokuta jina lake limeshaandikwa. Kila moja lilisugua mlango mpaka likaandikwa, na aliyeandikwa jana hakuwa na haki ya kumfungia wa leo. Mimi niliyefika na sanduku moja mwaka 2002 nilikuta neno "dini" na neno "asili" yakiningoja. Sikuyatolea jasho hata tone.

Sasa nije kwa mwenzangu wa zamu. Ni mama wa Kizungu niliyefanya naye kazi usiku kwa miaka mingi, kwenye nyumba ya wazee. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa mzito bila kuumiza mgongo. Alikuwa akiishi na mwanamke mwenzake, wanalea binti. Mwaka 2009 walitafuta nyumba karibu na shule ya mtoto. Mwenye nyumba akawaambia usoni, bila kificho, kwamba yeye hapangishi watu wa namna yao.

Alipokuja kazini analia, mimi nikatabasamu. Wallahi nilitabasamu! Nikamwambia usijali, dawa ninayo. Nikampa ile namba ya ofisi. Akapiga wakati wa mapumziko, mimi nimekaa mbele yake na kikombe cha chai. Alikuwa anaandika kwenye karatasi. Kisha akaacha kuandika, lakini simu ikaendelea. Aliyepokea alimweleza kwa upole kuwa sheria ya nchi haiwataji, sheria ya jimbo haiwataji, na mji ule hauna sheria yake yenyewe. Angekuwa Ann Arbor, ambako sheria ya mji iliwalinda tangu miaka ya 1970, angesaidiwa. Upande huu wa barabara, hapana.

Simu ile ile. Ofisi ile ile. Kosa lile lile: mwenye nyumba amekuangalia, hakupenda ulivyo. Mimi nilipewa funguo, yeye akapewa pole. Na yeye amezaliwa hapa, babu yake amezaliwa hapa!

Sasa nakiri jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Mwaka 2004 jimbo hili lilipiga kura kuweka katika katiba kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Mimi sikuwa raia, kura sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na miguu. Nilizunguka na vipeperushi Ijumaa mbili, nikawaendesha wazee watatu kwenda kupiga kura. Tuliambiwa ni habari ya neno "ndoa" peke yake, hakuna mtu atakayedhurika. Ikapita kwa karibu watu 59 katika kila 100. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya jimbo ikasoma maneno yale yale, ikasema basi hata bima ya afya serikali isiwape wenzi wa wafanyakazi wake walio wa jinsia moja. Neno likatoka kwenye ndoa likaenda kwenye dawa za sukari za mtu. Na vipeperushi nilivigawa kwa mkono wangu.

Kilichonivunja kabisa ni usiku mmoja wa theluji. Tuko kazini, simu ikapigwa. Binti yao amevunjika mkono, yuko hospitali. Gari la mwenzangu halikuwaka, nikampeleka kwa langu. Tulipofika tulimkuta yule mwenzi wake amesimama koridoni, amebeba jaketi la mtoto. Mkono ulitakiwa urudishwe kwa dawa ya usingizi, na karatasi ilitaka sahihi ya mzazi. Yeye si mzazi. Alikuwa amemlea mtoto tangu ana miezi 8, amemfundisha kutembea, lakini kwa sheria alikuwa mpita njia. Ndani ya chumba mtoto analia "mama, mama," na aliyekuwa akiitwa ni yeye, aliye nje.

Kwa nini hakuwa mzazi? Kwa sababu sheria ya Michigan iliruhusu kuasili mtoto watu wa aina mbili tu: mtu mmoja peke yake, au wanandoa. Wawili wasio na ndoa hawakuweza kuasili pamoja. Na ndoa, sisi wenye vipeperushi tulikuwa tumeifungia nje. Kwa hiyo mtoto alikuwa na mama wawili nyumbani, na mmoja kwenye karatasi.

Tulidhani tunawaadhibu watu wazima, kumbe fimbo ilimpata mtoto wa miaka 6 mwenye mkono uliovunjika.

Msidhani hadithi hii ni ya mwenzangu peke yake. Iko nyingine iliyofika mpaka Washington, na ilianzia Hazel Park, mji mdogo unaopakana na Detroit. April DeBoer na Jayne Rowse, wote wauguzi, mmoja wa watoto njiti, mwingine wa chumba cha dharura. Walikuwa wakilea watoto watatu ambao wazazi wao hawakuweza au hawakutaka kuwalea. Mmoja alizaliwa na wiki 25 tu, na wengi hawakutegemea kuwa ataishi. Sheria ikawagawa watoto kama mali: huyu wa April, hawa wa Jayne. Mmoja wao angekufa, mwingine hakuwa na haki yoyote juu ya mtoto wa marehemu. Watoto wa nyumba moja wangeweza kutenganishwa siku ya msiba.

Januari 2012 wakaenda mahakamani. Hawakudai ndoa, someni vizuri. Walidai kuasili watoto wao pamoja. Jaji Bernard Friedman, aliyeteuliwa na Rais Reagan, si mtu wa kuitwa mwanaharakati, ndiye aliyewaambia kwamba kizuizi chenu hasa ni ile marufuku ya ndoa, rekebisheni madai. Kesi ikasikilizwa mwaka 2014. Jimbo likaleta wataalamu wa kuthibitisha kwamba watoto wa nyumba hizo huharibika. Jaji akawasikiliza siku kadhaa, na katika hukumu akaandika kuwa ushahidi wa mtaalamu mkuu wa jimbo hauaminiki hata kidogo. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilikuwa kimeshasema tangu mwaka 2013 kwamba kinachomjenga mtoto ni uimara na mapenzi ya wanaomlea. Wauguzi wale walishinda, wakashindwa kwenye rufaa Novemba 2014, kisha wakashinda mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 26 Juni 2015, pamoja na kesi za majimbo mengine matatu. Agosti mwaka huo Jaji Friedman mwenyewe ndiye aliyewafungisha ndoa.

Kwa hiyo kaka, ukisikia ile hukumu kubwa ya 2015 iliyofanya redio zote zipige kelele, ujue kwamba mguu wake mmoja ulikuwa kitanda cha mtoto njiti.

Mtasema basi yameisha, mbona bado unasimama barabarani? Hayajaisha. Wiki mbili kabla ya hukumu ile, Juni 2015, gavana wa wakati huo hapa Michigan alitia sahihi sheria zilizoruhusu mashirika ya kuasili watoto, yanayolipwa na serikali kwa kodi za watu wote, kukataa watu kwa sababu ya imani ya shirika. Zaidi ya majimbo 10 yana sheria za namna hiyo. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa masikio mawili, hasa ninyi mnaosema "hata sisi tungekataa."

Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria yake Januari 2020. Kila mtu alijua inawalenga nani. Mwaka 2021, mume na mke, mwanamume na mwanamke wenye ndoa kamili, waliomba mafunzo ya kuasili mtoto mwenye ulemavu aliyekuwa Florida. Shirika la Kikristo linalopokea fedha za jimbo likawakataa. Kosa lao? Ni Wayahudi. Basi! Hapakuwa na lingine. Sheria iliyochongwa kwa ajili ya shingo moja haikumaliza miaka miwili kabla ya kukata nyingine.

Wahenga wetu walisema mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Leo Myahudi amenyolewa Tennessee. Mnadhani Mwislamu wa kutoka Tanga akienda kuomba mtoto pale ataambiwa karibu? Mnadhani mkristo wa madhehebu mengine ataambiwa karibu? Mlango wa "imani yangu hainiruhusu kukupokea" hauna kufuli la kuchagua. Ukishafunguliwa kwa ajili ya kumtoa jirani, upepo unaingia mpaka kwako.

Na mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wahamiaji wenzangu huku ndio walionikasirisha kuliko hata ninyi. Kuna mji mdogo uliozungukwa na Detroit, unaitwa Hamtramck. Zamani ulikuwa wa Wapolandi, siku hizi umejaa watu wa Yemen na Bangladesh, adhana inasikika mpaka barabarani. Mwaka 2008 baraza la mji lilipitisha sheria ya haki za binadamu iliyowataja na watu hawa. Watu wa makanisa na misikiti wakaungana, kitu kisichotokea kila siku, na kwa kura ya Novemba wakaifuta. Nilikuwa na rafiki aliyesherehekea mno. Mwaka uliofuata huyo huyo akaja kwangu kuomba ile namba ya ofisi ya makazi, kwa sababu kuna mtaa amenyimwa nyumba na anaamini ni kwa sababu ya jina lake. Namba nilimpa. Lakini nilimuuliza: wewe unataka mwavuli unaokufunika wewe tu, mvua ikinyesha kwa wote? Hakujibu.

Sasa nijibu simu zenu moja moja.

Kaka, umesema watawalazimisha mashehe na mapadri kufungisha ndoa hizo. Hapana. Katiba ya nchi hii inalinda uhuru wa dini, na sheria ya ndoa iliyotiwa sahihi na Rais Biden Desemba 2022 imeandika kabisa kuwa taasisi za dini hazilazimiki kutoa huduma kwa ndoa wasizozikubali. Imamu wetu hajaulizwa na mtu. Msikiti ni msikiti, una masharti yake. Fleti ya kupangisha ni biashara, na kodi yake hailipwi kwa rakaa.

Binamu, umesema Marekani imenimeza. Ndugu yangu, Marekani hii hii ndiyo iliyojenga ukuta wa Eight Mile. Ningekuwa nimemezwa ningekuwa nimekaa kimya upande wenye kivuli. Hata leo hawajamaliza kugombana. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 haijawahi kuandikwa maneno ya kuwalinda watu hawa. Mwaka 2021 wizara ya nyumba ilitangaza kuwa itasoma neno "jinsia" kwa namna ya kuwalinda, lakini tangazo la wizara ni la rais aliyepo, akija mwingine hulikunja. Ndiyo maana inabidi liandikwe, na ndiyo maana jimbo kwa jimbo watu wanasimama kwenye baridi na vibao.

Mjomba, umesema hayo ni ya huko, usituletee. Sawa. Ni ya huku, na ninaandika ya huku, kwa sababu huku ndiko ninakopanga, ninakolipa kodi na ninakolea. Ya huko mtayapima wenyewe kwa mizani yenu. Ninachowaomba ni kimoja: msinitake nipokee haki yangu kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto nimzuie mwenzangu asipokee yake, kisha nirudi nyumbani mniite mcha Mungu.

Na wote mliouliza kama nimeacha dini: sijaacha. Nilichoacha ni kugawa vipeperushi.

Shangazi, wewe nimekuweka mwisho, maana pumzi yako bado iko sikioni mwangu. Unakumbuka nilipoanguka mwembe nikiwa na miaka 7? Ulinibeba mgongoni mpaka hospitali, damu yangu ikaloa kanga yako. Pale dirishani wakakuuliza, wewe ni nani wake? Ulikuwa na haki ya kusema "mimi shangazi yake, baba yake yuko Dar." Hukusema hivyo. Ulisema "mimi mama yake." Nesi akaandika, nikashonwa. Hakuna aliyekudai karatasi. Wewe ndiye uliyeniimbia kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Basi usiku ule wa theluji, nilipomwona yule mwanamke koridoni na lile jaketi dogo mikononi, sikuona mtu wa ajabu. Nilikuona wewe na kanga yako yenye damu. Tofauti ni kwamba yeye aliulizwa "wewe ni nani wake," akajibu kama ulivyojibu wewe, na akaambiwa subiri nje.

Mwenzangu yule na mwenzi wake walioana mwaka 2015, na mtoto akapata wazazi wawili kwenye karatasi. Mkono ulipona zamani. Siku hizi yuko chuo, anasomea uuguzi, na akipita kazini kwetu ananiita anko.

Sijakuomba uwapende, shangazi, wala ubadilishe unachoamini. Nakuomba ujue kwamba mtoto uliyemlea hakusimama pale kwa sababu amesahau alikotoka. Alisimama kwa sababu anakumbuka.

Haya, zamu imeisha, naenda kulala. Hapa ni saa moja asubuhi, huko ni saa tisa alasiri. Jumapili saa kama hizi nitakuwa macho. Nipigie, tuongee. Hata ukinigombeza, nipigie.